Sura ya Tano: Diski Thelathini na Moja

"Shuka, mwanangu, utavunjika kiuno," Mzee Inayat alisema kutoka chini. "Sanduku limeshaondoka. Hata ukilikodolea macho hilo vumbi mpaka kesho, halirudi."

Inspekta Robina Dogar hakushuka. Alisimama juu ya kigoda, rula mkononi, akapima pale palipobaki pasafi katikati ya vumbi la rafu ya juu kabisa. Inchi ishirini kwa kumi na mbili. Kulia kwa pengo hilo zilipangwa mashine tatu mpya za gemu, bado zimo kwenye plastiki ya kiwandani. Mtu yeyote mwenye akili ya wizi angezibeba hizo kwanza. Hazikuguswa hata kwa kidole.

"Konstebo, andika," alisema. "Mwizi amepita kwenye mali, akachukua makumbusho."

Konstebo Yakub Masih, mtu mzima wa miaka hamsini na tano mwenye masharubu ya kupendeza kuliko mwandiko wake, aliandika.

Duka lilikuwa chini ya ardhi, katika Jengo la Zaitun, Barabara ya Hall, na tangu lifunguliwe lilikuwa na kazi moja: kubadilisha. Unaleta diski ya gemu uliyoichoka, unaongeza rupia kidogo, unaondoka na nyingine. Lakini kabla ya kuondoka unafungua kasha, unageuza karatasi ya jalada, na nyuma yake unaandika jina lako chini ya jina la aliyekutangulia. Mistari ya kuandikia majina aliichora marehemu mke wa Mzee, Bi Surayya, kwa kalamu na rula, thelathini kwa kila karatasi. Mstari wa mwisho ukijaa, diski inastaafu. Haiuzwi tena, haibadilishwi, inapanda juu kwenye sanduku la mbao. Zilikuwa zimestaafu thelathini na moja. Nusu ya wanaume wa Lahore wenye upara leo waliwahi kuandika majina yao humo wakiwa na chunusi.

Alhamisi jioni sanduku lilionekana halipo. Leo ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana.

"Madamu, tusizunguke mbuyu," alisema Haji Tufail, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa jengo, kifua mbele. "Dukani alikuwepo mtu mmoja tu. Desturi yetu tunampa mtu siku mbili arudishe mwenyewe. Siku mbili zinaisha leo Magharibi. Adhana ikilia, natia sahihi malalamiko yangu, na jina nitakaloandika ni la Ghafur."

Ghafur alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza humu ndani. Ijumaa inayokuja ilikuwa nikahi ya binti yake, Mahnur. Watu wa upande wa mume walikuwa wameshasikia habari. Walileta ujumbe wa adabu kabisa, kwamba na wao wanasubiri Magharibi kama wengine. Ndiyo maana Mzee Inayat alikwenda kituoni kwa miguu yake kumwomba Robina aje kabla hakujafunguliwa jalada la kesi, na mkubwa wa kituo akampa Robina mchana mmoja tu, tena kwa kunung'unika.

Robina alishuka, akavuta kibao, akaketi mbele ya Ghafur.

"Kaka Ghafur, nisimulie Alhamisi."

"Mzee alikuwa kwa daktari wa macho. Adhana ya Alasiri ilipolia, saa kumi kasoro robo hivi, nikalaza ufagio mlangoni, nikapanda msikitini ghorofa ya tatu. Nikaswali, nikarudi. Hazikupita dakika ishirini. Nikambadilishia mteja mmoja gemu ya mbio za magari. Mzee aliporudi akatazama juu, akaniuliza, Ghafur, sanduku liko wapi?"

"Mlango hukuufunga?"

Haji Tufail alicheka. "Madamu, humu ufagio ukilala mlangoni ndiyo kufuli. Tangu enzi za baba yangu. Mtu auvuke aone! Korido nzima itampigia yowe."

"Uliporudi, ufagio uliukuta vipi?"

Ghafur alitazama ndara zake. "Kama nilivyouacha."

"Yaani vipi?"

"Umelala, Madamu. Ufagio unalalaje?"

Robina alikuwa ameshahoji watu kwa miaka kumi na minane. Mtu anayekupa dakika ishirini kwa maneno mengi, halafu akakunyima ufagio kwa maneno mawili, huyo ana jambo na ufagio. Hakumbana. Alichora ufagio mdogo pembeni mwa daftari lake.

Konstebo Yakub alikuwa amemaliza simu yake. "Yule mnunuzi wa Karachi, Madamu, aliyetajwa na Haji. Mkusanyaji wa vitu vya zamani. Alifika Jumatano, akaliona sanduku, na Alhamisi saa sita mchana ameshapanda ndege. Saa kumi alikuwa kwake, anakula harusi ya jirani. Nimeongea mpaka na jirani."

"Alisemaje kuhusu diski?"

"Amezitukana, Madamu. Kasema yeye hununua safi. Zilizochorwachorwa majina ya watu hazina thamani hata ya chai."

"Haji, umesikia?" Robina alimgeukia. "Unasema Ghafur kaiba kwa sababu ya gharama za harusi. Kaacha mashine tatu mpya, akabeba kitu ambacho hata mnunuzi wa takataka hakitaki?"

"Huenda hakujua."

"Miaka ishirini na miwili humu ndani, halafu hajui?"

Haji alikohoa, akaitazama saa yake. Alikuwa na haki ya kuitazama.

Mkabala na duka, hatua tano tu, alikaa Zulfi mtengeneza simu, lenzi imebanwa jichoni. Hakuitoa alipokuwa akizungumza, kwa hiyo Robina alihojiana na jicho moja kubwa.

"Hakuna mgeni aliyevuka, Madamu. Naapa. Mgeni akivuka, wa kwanza kupiga yowe ni mimi."

"Sijakuuliza mgeni. Nimekuuliza mtu."

Jicho kubwa lilipepesa. "Mtu wa nyumbani humpigii yowe. Humwoni hata. Nani anahesabu wenye nyumba wakiingia kwao?"

"Kwa hiyo hukuona."

"Nilikuwa na simu ya watu iliyoanguka chooni. Nilichoona ni Ghafur kurudi. Alisimama pale mlangoni anautazama ufagio, muda wa kumenya karanga tano sita. Nikamtania, kaka Ghafur, vipi, huo ufagio umekuwa bibi harusi? Hakucheka. Na Ghafur, Madamu, hucheka hata msibani."

"Ufagio ulilala vipi?"

"Eee... mshikio ulikuwa huku." Alinyoosha mkono wake wa kushoto.

Robina alichukua ufagio wa Mzee Inayat, akausimamisha mbele ya mlango, uso wake ukilielekea duka, kama anayetoka na kugeuka kuulaza. Akauinamisha. Mshikio ulianguka upande wa kulia. Akarudia. Kulia. Akatazama korido: maduka mawili wenyewe walikwenda kula, fagio zimelala mlangoni, mishikio yote kulia. Kwenye daftari, chini ya ule mchoro, aliandika neno moja, akalifunga.

"Mzee," aliita, "mwanao yuko wapi?"

"Shahzeb? Juu, ghorofa ya kwanza." Mzee Inayat alipunga mkono kama anayefukuza nzi, lakini macho yake yalicheka. "Anauza upepo."

Kibanda cha Shahzeb kilikuwa na ukubwa wa kitanda. Hakikuwa na rafu wala kasha lolote, ila kaunta, viti viwili, birika na simu nne zinazochajiwa. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mcheshi, viatu vyeupe pe, na Robina alimpenda papo hapo, jambo ambalo humkera sana akiwa kazini.

"Karibu, Madamu. Karibu, mjomba. Hapa hakuna plastiki. Baba yangu anauza vitu vinavyochubuka, mimi nauza hewa. Unalipa, napakua, unacheza. Hewa haiibiwi, haina vumbi, na haihitaji kupanda kigoda."

"Nasikia ulimwambia baba yako azichome diski zake."

Uso wake uliingia doa dogo. "Nilisema mbele ya watu. Ulikuwa mzaha."

"Baba yako anasema Jumatano mlizungumza. Alikwambia nini?"

"Kwamba anapumzika. Duka anampa Ghafur. Sawa kabisa, Ghafur amelifanyia kazi kuliko mimi." Alishika birika kwa mkono wa kushoto, akamimina chai ya maziwa, kisha akakumbuka adabu, akahamishia kikombe mkono wa kulia ndipo akampa Robina. "Na sanduku anampa pia."

"Alhamisi, saa kumi, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Samanabad. Nacheza mpira." Aligeuza simu moja, akaonyesha. "Hii ni akaunti yangu. Uzuri wa hewa ndiyo huu, Madamu, inaandika yenyewe. Alhamisi, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, mechi nne mfululizo. Diski ya baba ingeweza kunitolea ushahidi?"

Konstebo Yakub alisogeza masharubu karibu na kioo, akasoma saa, akaguna kwa heshima. Ushahidi ulikuwa mzuri. Robina alikunywa chai yake polepole, akamwuliza habari za biashara, za mvua, za ukungu uliofunga barabara ya Multan. Hakuwa na haraka wala mpango. Chai ilikuwa nzuri tu.

Simu iliyokuwa kwenye kaunta ikalia *ting*.

Yakub, ambaye bado alikuwa ameinama juu yake, alisoma kwa sauti: "'Hongera! Umetwaa Kombe la Msimu wa Baridi.'" Akainua kichwa. "Hongera, mwanangu. Lakini umelitwaa saa ngapi, na uko hapa unatumiminia chai?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Shahzeb ilikuwa na urefu wa kaunta. Masikio yake yalibadilika rangi, kisha shingo.

"Kuna mwingine anatumia jina lako," Robina alisema.

"Ni... ni nusu, Madamu." Alijikwaa. "Gemu mpya bei yake haishikiki. Kila mtu mjini anafanya hivi. Nainunua mara moja, nauza nusu mbili. Watu wawili, akaunti moja, kila mmoja na mashine yake. Hawajuani."

"Na ya kwako mwenyewe umeiuza nusu?"

"Muuza maziwa hanywi debe zima."

"Nipe namba ya nusu nyingine."

Simu iliita mara sita, kisha ikapokelewa na sauti ya kike, kavu, ya mtu aliyezoea kunyamazisha madarasa. Alikuwa Bi Qudsia wa Gujranwala, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana.

"Polisi?" alisema. "Nani kawaambia? Mashine kanitumia mwanangu kutoka ng'ambo. Mtu mzima haruhusiwi kucheza mpira?"

"Anaruhusiwa, mama. Na hongera ya kombe."

Sauti kavu ikalainika. "Ahsante, binti yangu. Nimelihangaikia tangu Novemba."

"Alhamisi alasiri ulicheza?"

"Nilicheza mechi nne, nikafungwa mbili. Nilianza saa tisa na nusu, nikaacha saa kumi na moja nikatie wudhu. Mimi kila kitu nakifanya kwa ratiba."

"Na mwenzio wa nusu ya pili?"

"Huyo kijana simjui sura, lakini mwaka mzima tumekula chungu kimoja. Usiku nikilala yeye anacheza, asubuhi nakuta kanisajilia mchezaji mzuri, kama vile kaniachia mkate mezani. Ila tangu Alhamisi hajagusa kitu kabisa." Sauti ilishuka. "Kwani anaumwa?"

Simu ilikuwa imefunguliwa spika. Shahzeb aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Haumwi, mama," Robina alisema. "Nitamsalimia."

Alikata. Hapo Yakub akasafisha koo. Alikuwa ametoka kidogo wakati simu inaita, na mtu akidhani Yakub ametoka kuvuta sigara hukosea kila mara. "Madamu, nimepita korido ya nyuma, kwa muuza mashine zilizotumika. Ijumaa asubuhi mwanetu huyu kanunua moja ya zamani sana, yenye mlango wa kuwekea diski. Muuzaji kamcheka, kamwambia, Shahzeb, umesilimu?"

"Mtu anayeuza hewa," Robina alisema, "ananunua mashine ya kula diski, siku moja baada ya diski za baba yake kupotea. Unasemaje?"

Shahzeb alianza kuchomoa simu zake kwenye chaji, moja baada ya nyingine.

"Ni saa tisa na dakika ishirini. Magharibi inaingia saa kumi na moja na ushei. Tunakwenda kwenu, na baba yako twende naye. Njiani fikiria utaanza na sentensi gani."

Haji Tufail alikataa Ghafur aondoke, kwa hiyo Ghafur alibaki kwenye kibao chake. Walipopita, alimtazama Shahzeb usoni, kisha akatazama pembeni haraka. Robina aliona vyote viwili.

Nyumba ya Samanabad ilikuwa ya ghorofa moja, baba chini, mwana juu. Mzee Inayat alipanda ngazi akishikilia ukuta na hakuuliza swali, maana alikwishaanza kuogopa. Shahzeb aliwapitisha chumba chake, pale ilipokuwa mashine mpya nyembamba isiyo na tundu la diski, akafungua chumba cha nyuma. Humo palikuwa na cherehani ya mama yake, imefunikwa kitambaa cha maua. Chini ya kitambaa, kati ya miguu ya cherehani, lilikaa sanduku.

Kwa siku mbili Mzee alikuwa amelala hana usingizi, na sanduku liko juu ya dari yake.

"Kikulacho..." alianza, akashindwa kumaliza methali. Aliketi sakafuni, mtu wa miaka sabini na moja, akalivuta sanduku kwenye mapaja.

"Nilitaka moja tu, Baba," Shahzeb alisema. "Sikujua ni ipi. Dakika za swala ni kumi na tano, nikabeba zote nikazitafute nyumbani."

"Ipi?"

Akampa. Ilikuwa gemu ya mpira ya zamani, jalada limepauka. Mzee alifungua, akageuza karatasi. Majina thelathini, wino wa kila rangi. La kwanza kabisa, juu, halikuandikwa na mtoto. Liliandikwa kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo, wa mtu aliyezoea rula: *Shahzeb mwana wa Inayat, miaka sita, na mama yake.*

"'Na mama yake,'" Mzee alisoma. "Mama yako alikuwa akicheza?"

"Kila siku nikitoka shule. Wewe na Ghafur mko dukani. Alisema tusikwambie, utamcheka. Nilipofika miaka minane nikaichoka, nikaileta dukani kuibadilisha, yeye akanikubalia. Akachukua tu kadi ya kumbukumbu, ile inayohifadhi mechi tulizocheza, akaibandika kwa utepe chini ya sanduku lako." Alipangusa uso kwa kiganja. "Imo bado. Nimeangalia."

Aliwasha. Mashine ya zamani iliguna, diski ikazunguka kwa sauti ya kukwaruza, ile sauti ambayo kila aliyekua na mashine hizo anaijua hata akiwa usingizini. Kwenye runinga ikatokea timu. Kipa aliitwa Shahzeb. Beki mmoja aliitwa Inayat, mwingine Ghafur. Mshambuliaji wa kati, nahodha, Surayya. Mechi thelathini na tano zimechezwa, ushindi mara mbili, na tatu zimebaki.

"Ushindi mara mbili," Mzee Inayat alisema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Alikuwa mbovu hivi?"

"Mbovu sana, Baba. Alikuwa anapenda kumpa mpira Ghafur, na Ghafur ni beki."

Robina alisimama dirishani, akawapa mgongo kwa muda. Yakub alipenga kamasi kwa kelele, akasingizia ukungu.

"Mbona hukuniomba?" Mzee aliuliza mwishowe.

"Ningekuombaje? Mbele ya soko zima nilisema uzichome. Nikadhani utasema zimepotea, yataisha. Haji akaleta mambo yake ya Magharibi. Kila saa nilisema nitasema saa ijayo."

"Na Ghafur?"

Shahzeb alianza kukikunja kile kitambaa cha maua.

"Ghafur aliyekubeba mabegani siku tunamzika mama yako, kwa sababu mimi sikuweza kubeba kitu?"

Shahzeb alilia waziwazi, na hakuna aliyemzuia. Alistahili kulia. Robina aligeuka, akatazama saa ya ukutani.

"Saa kumi na nusu," alisema. "Sanduku utalibeba wewe mwenyewe. Kuanzia mlango wa jengo mpaka dukani, mikononi, watu wakuone."

Ukungu ulikuwa umeshuka, na teksi ilitambaa kutoka Samanabad mpaka Barabara ya Hall. Walipofika chini ya ardhi, Haji Tufail alikuwa ameshatandika karatasi juu ya kaunta, kalamu wazi. Korido ilikuwa imejaa wafanyabiashara. Karibu na nguzo walisimama wazee wawili Robina asiowajua, kofia za manyoya kichwani, na kwa jinsi Ghafur alivyokwepa macho yao alijua ni wakwe.

Shahzeb alipita katikati yao na sanduku. Alikuwa amepanga sentensi nzuri njiani, Robina alimwona midomo ikicheza. Zote zilimkimbia.

"Ni mimi," alisema. "Niliuvuka ufagio. Si Ghafur. Nilijua anasingiziwa na nikanyamaza siku mbili. Haji, andika jina langu."

Zulfi alitoa lenzi jichoni kwa mara ya kwanza siku ile. Haji Tufail alitazama karatasi yake, akamtazama Mzee, akaifunika kalamu.

"Mali ya baba yake, nyumbani kwa baba yake," alinung'unika. "Naandika nini hapa?" Kisha akajikusanya, maana hakuwa mtu mbaya, ila mpenda sheria tu, na akawaendea wale wazee wawili wa nguzoni. "Mabwana, mimi ndiye niliyelitaja jina la Ghafur, na mimi ndiye ninayelifuta. Niombeeni radhi kwenu nyumbani. Ijumaa mkinialika nitakuja, msiponialika nitakuja vilevile."

Wazee walishikana mikono na Ghafur, mmoja akamkumbatia. Ghafur alitikisa kichwa, akashukuru, lakini macho yake yalikuwa kwa Shahzeb.

"Kaka Ghafur," Robina alisema polepole, "ufagio uliukuta mshikio uko kushoto."

"Ndiyo, Madamu."

"Ulijua tangu Alhamisi."

"Jengo zima anayelaza ufagio hivyo ni mmoja. Nilimfundisha mimi, akiwa na miaka saba. Nikamkemea ule mkono wa kushoto, hakusikia."

Shahzeb aliweka sanduku chini. "Ulijua? Na harusi ya Mahnur? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto wa Surayya ni mwizi?" Ghafur aliona haya, akacheka kicheko chake cha msibani. "Nilijua utakuja mwenyewe. Ila wewe tangu zamani mvivu wa kuamka."

Shahzeb alimwangukia shingoni. Alikuwa mrefu kumpita, kwa hiyo ikabidi apinde magoti, na walikaa hivyo muda mrefu kuliko wanaume wa korido ile walivyozoea kutazama. Wengine walijifanya kutafuta chenji.

Ghafur akapewa sanduku, kama Mzee alivyoahidi. Ghafur alilifungua, akatoa gemu ya mpira na ile kadi, akamnyooshea Shahzeb, kisha akairudisha nyuma kidogo.

"Hapa ni duka la kubadilisha. Ukichukua, unaacha. Unaacha nini?"

Shahzeb alipapasa mifuko yake. Simu, funguo, simu nyingine. "Sina kitu cha kushikika, kaka Ghafur. Mimi nauza hewa."

Korido nzima ilicheka, Mzee Inayat kuliko wote.

"Basi utaacha Jumamosi zako. Unakaa na mimi kaunta, unawachorea watu mistari."

"Nitakaa."

"Na mpigie simu Bi Qudsia," Robina aliongeza. "Ana wasiwasi nawe."

Adhana ya Magharibi ikalia juu. Watu walianza kupanda ngazi, Haji Tufail mbele, wale wakwe wawili nyuma yake. Mzee Inayat alishika mkono wa Ghafur. Ghafur aliutazama ufagio uliokuwa umesimama pembeni, akauchukua, akampa Shahzeb bila neno, akapanda.

Robina alimsubiri Yakub, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya sanduku akipekua karatasi moja baada ya nyingine.

"Unatafuta nini, Konstebo?"

"Ushahidi, Madamu," alisema Yakub, na masharubu yake yakaona haya. "Mwaka elfu mbili na tano niliwahi kubadilisha gemu ya ndondi hapa."

Robina alimwacha atafute. Alipotoka, Shahzeb alikuwa ameshakimbilia ngazini, na ufagio umelala mlangoni. Mshikio ulikuwa upande wa kushoto. Robina alikuwa na rula mfukoni na daftari mkononi, na hakuandika kitu. Alikaa kwenye kibao cha Ghafur kulilinda duka mpaka watoke swala.